Hakeem Olajuwon na saumu yake: hadithi ya barazani na ilivyokuwa kweli

Mwezi wa Shaabani ukianza kuchakaa, mabaraza ya Mji wa Kale, Mombasa, huwa na mada zake za kila mwaka. Mwezi utaandama lini, bei ya tende imefika wapi, na kwa vijana wapenda mpira wa kikapu, Hakeem Olajuwon. Hadithi yake husimuliwa hivi: Mnaijeria mmoja Mwislamu alikwenda Marekani, akacheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya huko, mwezi mzima na saumu yake kamili, hakuonja hata tone la maji, na katika hali hiyo hiyo akatwaa ubingwa mara mbili. Kijana akisema hawezi kwenda mazoezini Makande kwa sababu amefunga, hutupiwa jina hilo na mazungumzo yakaishia hapo.

Sehemu kubwa ya hadithi hiyo ni kweli. Sehemu nyingine si kweli kabisa, na iliyobaki ni kweli lakini imesimuliwa upande upande. Ukitaka kuifumua yakupasa ufungue kalenda, uangalie saa, kisha umsikilize mwalimu wa fikihi. Lakini kabla ya hayo ni vyema kumjua mtu mwenyewe, maana wengi wanaomtaja barazani hawakuwahi kumwona akicheza.

Olajuwon alizaliwa Lagos tarehe 21 Januari 1963, katika familia ya Kiyoruba iliyofanya biashara ya saruji. Mpira wa kikapu aliugusa akiwa na miaka kama 15, umri ambao watoto wa Kimarekani wenye ndoto ya NBA huwa wameshaucheza miaka kumi. Kabla ya hapo alikuwa golikipa wa soka na mchezaji wa handiboli. Wengi huitaja habari hii kama kichekesho, lakini mimi naona ndiyo ufunguo wa kila kitu kilichofuata. Golikipa hujifunza kutazama nyonga za mpigaji badala ya macho yake, na kuhamisha miguu kwa hatua fupi za haraka bila kuipishanisha. Handiboli nayo inampa mchezaji hatua tatu tu akiwa na mpira mkononi, kwa hiyo kila hatua lazima iwe na kazi, ama ya kusogea ama ya kudanganya. Mtu mrefu aliyelelewa na michezo hiyo miwili hawezi kucheza kama mlingoti.

Mwaka 1980 alifika Houston kujiunga na chuo kikuu cha mji huo. Hakuna aliyekuja kumpokea uwanja wa ndege. Alipopiga simu aliambiwa achukue teksi. Alikaa nje msimu mzima akijifunza, na wakati wa kiangazi alikwenda kupambana na Moses Malone, aliyekuwa miongoni mwa masenta, yaani wachezaji warefu wa karibu na kikapu, wakali kuliko wote enzi hizo, katika ukumbi wa Fonde ambako wachezaji wa kulipwa walicheza na wa mtaani bila kuoneana huruma. Chuo chake kilifika nne bora ya Marekani miaka mitatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Fainali mbili kilicheza na zote kikapoteza, ya 1983 kwa kikapu cha sekunde ya mwisho. Hata hivyo mchezaji bora wa mashindano yale ya 1983 alikuwa yeye, ambaye timu yake ilifungwa.

Mwaka 1984 Houston Rockets walishinda kura ya kurusha sarafu dhidi ya Portland, wakapata nafasi ya kuchagua wa kwanza kati ya wachezaji wapya. Walimchukua Olajuwon. Portland wakamchukua Sam Bowie, na Michael Jordan akaangukia Chicago akiwa wa tatu. Watu wa Portland bado wanaulizwa habari hiyo. Watu wa Houston hawajawahi kuulizwa.

Kilichomtofautisha na warefu wenzake ni mbinu ambayo Wamarekani waliipa jina la Dream Shake. Anapokea mpira akiwa amekipa kikapu mgongo. Anaonyesha bega kushoto, mlinzi anaegemea kushoto, kumbe miguu imeshageuka kulia. Mlinzi akirudi upesi, Olajuwon anainua mpira kana kwamba anatupa, mlinzi anaruka, naye anapita chini yake. Na mlinzi akikataa kuruka, basi mtupo unatoka kweli. Klabu ilimwandika kuwa na urefu wa futi 7, ingawa urefu wake halisi ulikuwa karibu na futi 6 na inchi 10, na inchi hizo pungufu hazikumpunguzia kitu. Upande wa ulinzi alizuia mitupo 3,830, idadi ambayo hakuna aliyeifikia tangu NBA ianze kuhesabu jambo hilo msimu wa 1973/74. (Bill Russell na Wilt Chamberlain walicheza kabla ya hesabu hiyo kuanza, kwa hiyo wapenzi wao wana haki ya kununa.) Tarehe 29 Machi 1990, dhidi ya Milwaukee, alifunga pointi 18, akachukua ribaundi 16 (mipira iliyokosa kikapu ikarudi), akatoa pasi 10 za kufunga na kuzuia mitupo 11. Katika historia yote ya NBA, wachezaji waliopata tarakimu mbili katika hesabu nne za mechi moja ni wanne tu.

Alilelewa katika Uislamu, lakini katika miaka yake ya mwanzo Marekani dini ilikaa pembeni. Alirejea kwayo kwa nguvu akiwa tayari nyota, na mwaka 1991 akarekebisha hata maandishi ya jina lake, kutoka Akeem kuwa Hakeem. Mwaka uliofuata haukuwa mwepesi. Machi 1992 Rockets walimsimamisha kwa madai kwamba alikuwa akikuza jeraha la msuli wa paja, naye akataka auzwe. Suluhu ilipatikana wakati timu iliposafiri kwenda Japani kufungua msimu mpya, alipokaa na mmiliki wa klabu ndani ya ndege wakayamaliza.

Matunda yalikuja haraka. Msimu wa 1993/94 alikuwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora, na mchezaji bora wa fainali, na hadi leo hakuna mwingine aliyeyakusanya yote matatu ndani ya msimu mmoja. New York Knicks walifungwa kwa michezo 4 kwa 3, na mchezo wa sita aliuokoa yeye kwa vidole vyake, alipougusa mtupo wa mwisho wa John Starks na Houston wakaponea 86 kwa 84. Mwaka 1995 waliingia hatua ya mtoano wakiwa wa sita upande wa magharibi, wakawatoa Utah, Phoenix na San Antonio, kisha Orlando ya kijana Shaquille O'Neal ikafagiliwa 4 kwa 0. Hakuna timu iliyoanzia chini kiasi hicho ikatwaa kombe, kabla yao wala baada yao.

Sasa turudi barazani. Je, makombe haya aliyatwaa akiwa amefunga?

La, na ushahidi uko kwenye kalenda. Fainali za NBA huchezwa Juni. Ramadhani ya 1994 ilianza katikati ya Februari, na ya 1995 ilianza karibu na tarehe 1 Februari. Orlando walipomalizwa tarehe 14 Juni 1995, watu walikuwa wameshasali Idi zote mbili, mahujaji wamerudi makwao, na Muharram ya mwaka 1416 imeshaandama. Aliyelibeba kombe lile alikuwa na ruhusa ya kunywa maji kadiri atakavyo.

Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku kama 354, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu, na huchukua kama miaka 33 kuuzunguka mwaka wote. Hapa kuna jambo ambalo hadithi ya barazani huliruka. Fainali za kwanza za Olajuwon, dhidi ya Boston Celtics mwaka 1986, zilichezwa kuanzia tarehe 26 Mei hadi 8 Juni, na Ramadhani ya mwaka ule ilianza karibu tarehe 10 Mei. Hizo ndizo fainali zake pekee zilizoangukia ndani ya mwezi mtukufu, na Houston walizipoteza, tena ilikuwa miaka kadhaa kabla hajarejea kwenye dini kwa moyo wote. Miaka yake ya ucha Mungu uwanjani, Ramadhani ilikuwa imehamia Februari, kisha Januari, kisha Desemba, yaani katikati ya msimu wa kawaida. Kuna hata mwaka mmoja, wa 1998/99, ambapo wamiliki na wachezaji walikuwa na mgogoro wa mikataba na ligi haikuanza hadi Februari 1999. Ramadhani iliingia Desemba na kwisha Januari, na saumu yake ya mwaka huo haikukutana na mechi hata moja.

Kwa hiyo mwezi wa kuutazama ni Februari 1995, na huo hauhitaji kutiwa chumvi. Ramadhani na Februari zilianza karibu siku moja. Katikati yake Houston walimleta Clyde Drexler, rafiki yake wa tangu chuoni. Na mwisho wa mwezi NBA ikamtangaza Olajuwon kuwa mchezaji bora wa Februari, akiwa na wastani wa pointi zaidi ya 29 kwa mechi, juu kuliko wastani wake wa msimu mzima.

Je, pointi hizo zote zilifungwa na tumbo tupu? Hapo ndipo saa inapoingia, na kwa mtu wa Mombasa saa hii ina utamu wake. Mechi za nyumbani za Houston miaka ile zilianza kwa kawaida saa moja na nusu usiku. Katikati ya Februari jua la Houston huzama saa kumi na mbili na kama dakika kumi. Hesabu mwenyewe: kati ya magharibi na mpira kurushwa kuna zaidi ya saa nzima. Mechi nyingi za usiku za mwezi ule alizicheza akiwa ameshafungua kinywa. Na Houston iko nyuma yetu kwa saa tisa majira hayo, kwa hiyo mpira uliporushwa kule, Mombasa ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri. Alikuwa anaanza kukimbia wakati sisi tunakula daku.

Jingine ni urefu wa siku. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu haubadiliki sana. Kuanzia alfajiri hadi magharibi mfungaji wa Mombasa huwa na saa kumi na tatu na ushei, iwe Februari au Agosti. Houston Februari ni majira ya baridi na mchana ni mfupi. Mwanzo wa mwezi, saumu ya kule ilikuwa fupi kuliko ya hapa kwa zaidi ya saa moja, na pengo likapungua kadiri Machi ilivyokaribia. Hamali wa bandarini Kilindini aliyefunga mwezi ule ule alifunga muda mrefu zaidi ya Olajuwon, tena juani, na hakuna aliyempigia makofi.

Sisemi hivi kumshusha mtu. Kufungua kinywa si kufuturu. Anayetoka msikitini akakuta viazi vya nazi, mkate wa sinia na kaimati mezani anajua kwamba baada ya hapo hata kupanda ngazi ni kazi. Mchezaji mwenye saa moja mkononi hawezi kula hivyo kisha aruke. Atakula tende na maji, pengine kitu chepesi, na mlo wenyewe utasubiri hadi usiku wa manane baada ya mechi. Mazoezi mepesi ya asubuhi, ambayo timu za NBA hufanya siku ya mechi, huyapitia akiwa mkavu. Hayo ni ya siku rahisi.

Siku ngumu zilikuwa Jumapili. Miaka ile televisheni ya taifa ilionyesha mechi kubwa za NBA Jumapili mchana, na bingwa mtetezi kama Houston hakuweza kuzikwepa. Huko ndiko hadithi ya barazani ilikozaliwa, na huko ni kweli tupu: mechi ya dakika 48 inayochukua zaidi ya saa mbili, jua liko juu, wenzake kwenye benchi wanamimina maji kichwani na kinywani, yeye amekaa na taulo. Hakunywa. Wachezaji wenzake na waandishi waliyashuhudia haya, na mwenyewe alisema saumu ilimfanya ajihisi mwepesi na mwenye akili iliyotulia zaidi.

Mwili unawezaje? Akiba ya sukari iliyoko kwenye ini na misuli, ikijazwa vizuri alfajiri, inamtosha mtu mwenye mazoezi kwa kazi ya jioni, ingawa itakuwa imepungua. Njaa si tatizo kubwa. Tatizo ni maji, kwa sababu mwili hauna ghala lake. Olajuwon aliripotiwa kuamka kabla ya alfajiri akala tende saba na kunywa galoni moja ya maji, karibu lita nne, kisha akasali. Tende zina sukari inayoingia mwilini upesi na madini ya potasiamu ambayo misuli huyahitaji. Galoni nayo, kusema kweli, sehemu yake kubwa figo zitakuwa zimeshaiaga kabla ya adhuhuri. Daktari wa michezo angekushauri uyagawe maji hayo tangu futari hadi daku. Asiige hilo kijana wa Makadara kwa sababu tu bingwa alifanya.

Halafu kuna swali ambalo maalimu yeyote angeanza nalo: alilazimika kufunga? Ratiba ya NBA ni mechi 82, nusu yake ugenini. Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, inamruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku hizo baadaye, na mchezaji anayelala Denver leo na Los Angeles kesho ni msafiri bila ubishi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, ruhusa hiyo ipo lakini kufunga ni bora kwa msafiri asiyedhurika. Nyumbani Houston hali ni tofauti, kwani hakuna safari. Wanazuoni wa Kishafi waliijadili zamani hali ya wavunaji na watu wa kazi ngumu, wakasema mtu huyo anuie saumu usiku, aamke amefunga, na afungue pale tu atakapopata taabu kubwa isiyovumilika. Kazi ngumu peke yake haimfungulii mtu mapema. Mahamali wetu wanaijua hukumu hii bila kuisoma kitabuni. Olajuwon alichukua njia ya uzito nyumbani na ugenini, na kwa hapo baraza liko sawa kumsifu, maana nusu ya mzigo ule angeweza kuutua kihalali.

Kama unamtafuta aliyecheza na saumu saa zikiwa dhidi yake kweli kweli, mtazame Kyrie Irving, Mwislamu mwingine wa NBA. Ramadhani ya 2022 iliangukia Aprili, mwanzoni mwa hatua ya mtoano, mchana wa kaskazini ya Marekani ukiwa umeshaanza kurefuka. Tarehe 17 Aprili, Jumapili mchana mjini Boston, alifunga pointi 39 akiwa na saumu, na timu yake ikapoteza kwa pointi moja. Kwa ugumu wa siku moja, naiweka mechi ile juu ya yoyote ya Olajuwon. Kwa kudumu mwaka baada ya mwaka, sijaona wa kumfikia Olajuwon. Na gurudumu limerudi. Ramadhani ya 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, kwa hiyo Waislamu walioko NBA sasa wanapata ratiba ile ile ya baridi na machweo ya mapema.

Alipata uraia wa Marekani mwaka 1993, akashinda dhahabu ya Olimpiki Atlanta 1996, akahamia Toronto mwaka 2001, na mgongo ulipokataa akastaafu mwaka 2002, baada ya misimu 18. Jezi namba 34 haivaliwi tena Houston. Mwaka 2008 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo, na katika miaka iliyofuata Kobe Bryant, LeBron James na Dwight Howard walikwenda kwake, wakiwa tayari nyota, kufundishwa kutumia miguu.

Kuna upande mmoja ambao baraza halimtaji kabisa, nao ni riba. Baada ya mpira Olajuwon aliingia katika biashara ya ardhi na majengo mjini Houston, na hununua kwa fedha taslimu, bila mkopo, kwa sababu ya katazo hilo. Anayeijua biashara ya nyumba ataelewa maana yake. Wenzake hutumia fedha za benki kununua majengo matano. Yeye kwa fedha ile ile hununua moja, na nafasi nzuri ikitokea wakati fedha yake imefungwa kwenye kiwanja kingine, inampita. Kufunga kuna ukomo wa siku 29 au 30. Hili halina Idi. Hata viatu vilivyobeba jina lake, vya kampuni ya Spalding, viliuzwa chini ya dola 40 wakati viatu vya mastaa wengine vilipita dola 100, kwa kuwa aliona haifai mama wa kipato kidogo abanwe na watoto wake kwa ajili ya kiatu.

Mwaka 1994, mwaka wa kombe lake la kwanza, alinunua jengo la zamani la benki katikati ya jiji la Houston, lenye nguzo kubwa za mawe, lililojengwa miaka ya 1920. Leo ni kituo cha Kiislamu, na watu wa maofisi ya jirani huingia hapo kusali adhuhuri.